Kilo 14 kifuani, gramu 80 mfukoni

Juzi nilikuwa kwa mama mmoja mshonaji, nyuma ya soko la Kenya, nikisubiri suruali yangu ifupishwe. (Wasomaji wa mbali wanisamehe: Kenya ninayoisema ni komini ya Lubumbashi, si nchi ya Nairobi.) Akaingia zamu, ndivyo tunavyowaita walinzi hapa kwetu, ameshika jile yake nyeusi ya kuzuia risasi. Mkanda wa kubania ubavuni ulikuwa umekatika. Ili aufikie, mama alifumua mshono wa ndani, na humo kikateleza kipande cha tripleksi kikaanguka mezani. Ubao mtupu. Ulikuwa umekatwa kwa msumeno kufuata umbo la kifua, kingo zimepigwa msasa na kuzungushiwa utepe wa gundi zisitoboe kitambaa. Kazi ya mtu anayejua useremala.

Zamu hakushtuka. Alitueleza kwamba kampuni yao iliwagawia hivyo hivyo, na kwamba waliambiwa jile ni ya kuwatisha wezi. Mama akarudisha ubao mahali pake. Kabla hajaanza kushona niliomba tuitundike jile kwenye mizani ya jirani anayeuza unga. Ikasoma kilo mbili na nusu kasoro kidogo.

Nilitaka kuiona namba hiyo kwa sababu nilikuwa na nyingine kichwani. Bamba moja la kweli la kauri, saizi ya kati, lile la kusimamisha risasi ya bunduki ya vita ambalo askari wa Marekani amekuwa akilivaa kwa karibu miaka ishirini, lina uzito wa kilo mbili na nusu peke yake. Huvaliwa mawili, kifuani na mgongoni, kisha yanafuata madogo ya ubavuni, kitambaa kizito cha ndani, kola ya shingo na kinga ya kinena. Fulana ya kuzuia risasi waliyoanza kuitumia mwaka 2007, ikiwa na viungo vyake vyote, ilifika karibu kilo 14. Hapo askari bado hajashika bunduki, risasi, maji wala chakula.

Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari, ubishi huu haujapoa mjini. Wapo wanaosema: kila askari wa miguu wa FARDC, jeshi letu la Kongo, avalishwe kisasa kuanzia kichwani hadi miguuni, fulana yenye mabamba, helmeti mpya, miwani ya usiku, halafu tuzungumze habari ya vita. Wapo wanaojibu: polepole, fulana siyo ya kwanza. Hawa wa pili huzomewa. Wanaitwa wachoyo, watu wanaopima damu ya vijana kwa dola. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona wanaozomewa hawajasikilizwa sawasawa.

Hata hivyo nianze na wanaodai fulana, maana hoja yao si ya kubezwa.

Fulana inafanya kazi. Mwaka 2008 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha hesabu ya majeraha ya askari wao waliojeruhiwa Iraki na Afghanistani kati ya Oktoba 2001 na Januari 2005. Katika kila majeraha 100, ya kifua yalikuwa 6. Katika Vita vya Pili vya Dunia na ile ya Vietnam yalikuwa 13. Mbavu za binadamu ni zile zile. Kilichobadilika ni kitu kilichowekwa mbele yake.

Kuna pia ile asilimia 80 inayopenda kutajwa. Ilitoka mwanzoni mwa 2006, pale uchunguzi wa Pentagoni ulipojulikana kupitia magazeti. Hapa kwetu inasimuliwa kana kwamba fulana inaokoa askari 80 katika kila 100. Haikusema hivyo. Waliochunguzwa walikuwa wanamaji wa Marekani waliokufa Iraki kwa majeraha ya kiwiliwili, na wengi wao walikuwa na mabamba ya mbele na nyuma tayari. Swali lilikuwa kama mabamba zaidi, ya ubavuni na mabegani, yangewaokoa. Jibu: hadi asilimia 80 yao huenda wangepona. Hata ukiisoma kwa uangalifu huo, namba hiyo inauma. Na anayetaka mfano mwingine atazame Mogadishu, Oktoba 1993, ambako baadhi ya makomando wa Marekani waliacha kambini bamba la mgongoni, chupa za maji na miwani ya usiku kwa sababu walidhani watarudi ndani ya saa moja. Walipigana mpaka asubuhi.

Hoja ya fedha nayo imedhoofika. Kinshasa ilipitisha sheria ya mpango wa kijeshi wa 2022–2025 iliyotajwa kuwa ya dola bilioni 3.5. Wimbo wa vikwazo vya silaha nao ulikwisha muda wake. Azimio 1807 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Machi 2008, lilikwisha kuiondoa serikali katika vikwazo vyenyewe. Kilichobaki ni sharti la kutoa taarifa kabla ya kununua, na hilo lilifutwa na azimio 2667 la Desemba 2022. Huku nyuma adui hakulala: Juni 2022 Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba M23 wanazidi kupigana kama jeshi la kawaida kuliko kama kikundi cha waasi.

Halafu ipo hoja isiyo na tarakimu, ambayo mimi naiona ndiyo nzito kuliko zote hizo. Askari aliyevalishwa vizuri anajua kuna mtu amemhesabu. Asiyevalishwa anajua pia.

Sasa wale wachoyo.

Mmoja wao ni ajida (cheo cha jeshini) mstaafu anayekaa Katuba, komini nyingine ya hapa Lubumbashi. Siku ile ya tripleksi alikuwa kwa mama huyo huyo, amekaa kwenye benchi anasubiri koti. Alipoulizwa maoni yake hakuzungumzia risasi. Alizungumzia barabara. Alisema ukitaka kujua askari wanabeba nini, usitazame gwaride. Pita nyuma yao siku ya tatu ya mwendo, utazame vilivyobaki njiani. Kitu cha kwanza kutupwa, alisema, ni kile kisicholiwa na kisichofyatuliwa.

Waswahili walikwisha kusema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulio mezani tunaongeza bamba la ubavuni kwa kalamu, na kalamu haina uzito. Basi tuutafutie uzito huu kipimo cha nyumbani. Kila mtu wa Lubumbashi anaujua mfuko wa unga wa kilo 25, ule unaotoka Zambia. Anajua pia kwamba hakuna anayeubeba begani kutoka sokoni hadi nyumbani kama ana faranga za kumlipa kijana wa mkokoteni. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2003, timu ya jeshi la Marekani ilitembea na askari wake wa miavuli milimani Afghanistani ikiwa na mizani. Mzigo wa kupigana tu, yaani kile kinachobaki mwilini risasi zikianza kulia, ulikuwa wastani wa karibu kilo 29. Mfuko wa unga, na juu yake kilo nne za sukari. Kwenye mwendo wa kuelekea vitani ulipita kilo 40. Vitabu vya jeshi lenyewe vilikuwa vimeweka kikomo cha mzigo wa kupigana kwenye kilo 22 hivi.

Na wale walikuwa vijana walioshiba, wenye helikopta ya kuwaletea maji. Mpe mzigo huo kijana wa kilo 60 aliyekula bukari, yaani ugali, mara moja jana, umpandishe milima ya Masisi wakati wa mvua. Amebeba karibu nusu ya mwili wake. Kila anapolala chini kujificha itabidi ainuke tena na mfuko wa unga mgongoni. Ataruka mtaro kwa kuchelewa, atafika ukutani kwa kuchelewa. Nafasi ya kupigwa iko katika sekunde hizo, na watetezi wa fulana hawazihesabu kwa sababu hazionekani chumba cha maiti. Daktari anaweza kuandika kwamba risasi ilipita mahali pasipo na bamba. Hawezi kuandika kwamba marehemu angekuwa na kilo kumi pungufu angekuwa ameshafika nyuma ya mti.

Teknolojia itatuokoa? Nayo inakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Fulana mpya ambayo jeshi la Marekani lilianza kuigawa mwaka 2018 ina kilo 11 na ushei pamoja na mabamba yake. Zaidi ya miaka kumi ya maabara na fedha ambazo sisi hatutaziona, na mizani imeshuka kilo mbili na robo. Jeshi tajiri kuliko yote duniani limenunua kwa jasho lote hilo uzito wa jile ya tripleksi.

Ukiyatoa mabamba, unabaki na fulana laini. Ni nyepesi, inasimamisha vipande vya bomu na risasi ya bastola. Lakini risasi ya AK inatoka mdomoni kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde, na mbele yake kitambaa laini hakina tofauti kubwa na ubao wa yule zamu. Askari mwenye fulana laini anayedhani amevaa ngao yuko katika hatari ambayo asiyevaa kitu hanayo.

Tena vitu hivi vinazeeka. Bamba la kauri hufanya kazi kwa kuvunjika: linapasua ncha ya risasi na kunyonya nguvu yake, kisha tabaka la nyuma linadaka vigae. Kwa sababu hiyo hiyo, likidondoka vibaya kutoka kwenye lori linaweza kupata ufa usioonekana kwa macho. Wamarekani huyapiga mabamba yao picha ya eksirei kuyakagua. Eksirei ya bamba! Mimi nina jamaa kijijini aliyevunjika mguu akasafiri siku mbili kutafuta eksirei ya mfupa. Nyuzi za fulana nazo zina adui zake, jua, joto na unyevu. Polisi wa Marekani walilijua hilo kwa uchungu kwa nyuzi zilizoitwa Zylon, zilizosifiwa kwa wepesi wake, zikapewa cheti. Mwaka 2003 afisa mmoja wa Pennsylvania alipigwa risasi ikapenya fulana yake. Serikali ikazikusanya zilizokwisha kutumika na kuzipima: zaidi ya nusu zilipenyezwa na risasi ambazo zilikuwa na cheti cha kuzizuia. Agosti 2005 wakaacha kuzipa kibali. Joto na unyevu, katika nchi yenye maabara. Sisi tutakaonunua elfu kumi na kuzirundika chini ya turubai, nani atazipima mwaka wa nne?

Lakini kuna jambo moja ambalo silisikii kwa upande wowote, nalo ndilo linaloninyima usingizi kuliko bei na joto. Mzigo haupotei. Ukimzidi askari, unahamia kwa mwingine.

Babu zetu wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Tunajivunia sana Tabora, na mitaa imepewa jina lake. Picha za zamani zinaonyesha askari wamesimama wima na bunduki zao. Ambao hawako katikati ya picha ni wapagazi, maelfu kwa maelfu, waliobeba masanduku ya risasi, vyakula na vipande vya mizinga, na wengi hawakurudi makwao. Jeshi lile lilitembea kwa vichwa vya watu wengine.

Miaka mia imepita. Mashariki mwa nchi, barabara nyingi hazipitishi lori wakati wa mvua, na malori yenyewe hayatoshi. Ripoti za mashirika ya haki za binadamu, mwaka baada ya mwaka, zimeandika habari ile ile: raia amekamatwa njiani, ametwishwa mzigo, ametembezwa siku nzima, akichoka amepigwa. Zimeandika hivyo juu ya vikundi vya waasi, na zimeandika hivyo juu ya jeshi letu, kwa mfano wakati wa operesheni Kimia II mwaka 2009. Wanaofanya hivyo hawajavaa hata mabamba. Wanatwisha watu magunia ya chakula, masanduku ya risasi, sufuria, magodoro.

Waongezee sasa kilo 14 kila mmoja. Kikosi cha watu mia ni kilo 1,400, tani moja na nusu kasoro, iliyoongezwa kwenye kikosi ambacho hakikupata hata baiskeli moja zaidi. Itakwenda wapi? Ajida hakusita: askari atavaa fulana yake kwa sababu kamanda anatazama, na begi lake litapanda kichwani mwa mwanamume wa kwanza atakayekutwa shambani. Fulana iliyonunuliwa kumlinda askari itakuwa imemfikia mkulima kama mzigo. Na mkulima huyo akifika kwake usiku, mabega yamechubuka, hatakwenda kumwambia yeyote adui amepita wapi. Makamanda wanalalamika kwamba wenyeji hawatoi habari. Wawaulize shingo zao.

Hoja hii haimo katika vitabu vya Wamarekani, kwa sababu wao wana helikopta. Ni ya kwetu, na ndiyo maana haiwezekani kuchukua orodha yao ya vifaa na kuinakili kama ilivyo. Anayetaka kuagiza mabamba aagize kwanza magari ya kuyabeba na mafuta ya magari hayo, aweke mafuta hayo mahali ambapo hayataibwa. Akishindwa hapo, amemwagiza mpagazi.

Nimesema wachoyo hawasikilizwi. Basi wasikilizwe wanataka nini, kwa maana hawasemi askari aende uchi.

Helmeti wanaitaka, na hapo sina ubishi nao wala na wenzao. Kilo moja na nusu, inakaa miaka, inalinda kichwa dhidi ya vipande vya mota, na askari hana namna ya kuisahau. Viatu wanavitaka. Mshahara unaofika nao ni kifaa cha kivita, ingawa hauna mshono.

Kitu wanachokitaja kwa mapenzi ni garo. Ni ule mkanda wa kufunga juu ya jeraha la mkono au mguu, wenye kijiti cha kuzungusha mpaka damu isimame. Ule unaotumiwa zaidi na jeshi la Marekani una uzito usiofika gramu 80 na unauzwa kama dola 30. Rudi kwenye ile hesabu ya 2008 niliyoanza nayo, yenye majeraha 6 ya kifua katika 100. Watetezi wa fulana huishia hapo. Mstari mwingine wa hesabu hiyo unasema majeraha 54 katika 100 yalikuwa ya mikono na miguu, mahali ambapo fulana haifiki hata ingekuwa ya dhahabu. Mtu aliyekatwa mshipa mkuu wa paja ana dakika chache. Hospitali ya Goma, ya Bukavu au ya mbinguni haitamfikia ndani ya dakika hizo. Atakayemfikia ni mwenzake aliyelala kando yake.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa 2012, ulipitia vifo 4,596 vya askari wa Marekani vya miaka kumi, 2001 hadi 2011. Kabla garo halijagawiwa kwa wote, waliokufa kwa kuvuja damu ya mkono au mguu walikuwa 23 na ushei kwa mwaka. Kwenye miaka 2006 na 2007, wakati wa kugawa, zaidi ya 17. Baada ya hapo, watatu na nusu kwa mwaka. Nimeitazama namba hii mara nyingi nikitafuta dosari, kwa sababu inapendeza mno. Dosari moja ipo na niitaje mwenyewe: katika uchunguzi huo huo, miongoni mwa waliovuja damu ambao huenda wangeokolewa, theluthi mbili walivuja damu ya kiwiliwili, na garo haifungi tumbo. Wapenzi wa fulana watanirushia hiyo, na ni haki yao. Lakini watazame ni jeshi la namna gani hilo. Ni jeshi lililokuwa na fulana na, kwa miaka ya mwisho, garo pia. Kilichobaki ni kile ambacho vyote viwili vimeshindwa. Sisi hatujafika hapo. Tuko kwenye miaka ya 23, na hatuna hata anayehesabu.

Tena waliofanya vizuri kuliko wote katika jeshi hilo hawakutangulia kwa vifaa. Kikosi cha 75 cha Rangers, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 chini ya kanali aliyeitwa Stanley McChrystal, kiliamua kwamba huduma ya kwanza ni moja ya mambo manne makuu ya mazoezi, sawa na kulenga shabaha, na kwamba inafundishwa kwa kila mtu, mpishi na karani wakiwemo. Kati ya Oktoba 2001 na Aprili 2010 kilipoteza watu 32. Walipochunguzwa mmoja mmoja, hakuna aliyeonekana kufa uwanjani kwa kukosa kitu ambacho mwenzake angeweza kumfanyia. Kufundisha mtu kufunga garo gizani kwa mkono mmoja hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji sajenti mwenye subira na Jumamosi kadhaa.

Piga hesabu hii, ya kalamu tu. Garo mbili kwa kila askari, dola 60. Bamba moja zuri la kauri katika soko la Marekani ni zaidi ya dola 150, na askari anataka mawili, bila kitambaa cha kuyashika. Kwa bei ya mabamba mawili unawapa garo mbili mbili watu watano, na uzito wote umeingia mfukoni mwa suruali. Halitupwi njiani, halimhitaji mpagazi, halipasuki likidondoka. Akiba yote ikiangukia mikononi mwa adui, kama zilivyobaki sare na bunduki barabarani Goma ile Januari, adui atakuwa amepata mikanda.

Kuhusu mabamba yenyewe, mimi ningeyapeleka kwa wasiotembea mbali: walio kwenye vizuizi vya barabarani, madereva na wapiga bunduki wa juu ya gari, walinzi wa uwanja wa ndege, na kikosi kitakachoshambulia jioni kikarudi usiku kwa gari. Yawe mali ya kituo, yenye namba na daftari, anayeondoka zamu anamvisha anayeingia. Yanunuliwe machache, na ya kwanza katika kila sanduku yapigwe risasi hapa hapa, mbele ya watakaoyavaa. Miwani ya usiku na redio sizigusi leo. Ni mjadala mwingine, na betri zake ni mjadala wa tatu.

Watetezi wa fulana watasema haya ni maneno ya mtu asiyewahi kusimama mbele ya bunduki. Ni kweli, sijawahi. Ile hoja yao ya tatu, ya askari anayejua amehesabiwa, bado inanisumbua, maana garo halionekani kwenye picha na hakuna mama atakayeliona kifuani kwa mwanawe kwenye televisheni akatulia moyo. Nilimuuliza ajida juu ya hilo. Alinionyesha kwa kidevu jile ya zamu iliyokuwa chini ya cherehani. Hiyo pia, alisema, inaonekana vizuri kwenye picha.

Mama alikuwa amemaliza mkanda. Zamu akaivaa, akabana, akajitazama kwenye kile kioo kirefu cha wateja. Ajida akamsogelea, akamuuliza anatumia mkono gani, wa kulia au wa kushoto, kisha akamwomba mama amshonee kimfuko kidogo hapo mbele, katikati ya kifua, chini kidogo ya shingo. Mama akataka kukiweka ubavuni, kuna nafasi zaidi. Ajida akakataa. Akachukua mkono wa kulia wa zamu akaupeleka mahali pale, kisha wa kushoto, akamwambia afumbe macho arudie. Yote miwili ikafika. Mama akaweka alama kwa chaki na kuuliza ndani yake kutawekwa nini, ajue ukubwa wa kukata.